Maboksi Saba ya Hopia

Tangu Machi, Leonila alikuwa anarudi kutoka sokoni na keki zake za mchele karibu zote. Sisi wa Santo Rosario ni watu wa adabu, hakuna aliyemtukana. Tulikuwa tunasimama mbele ya sinia lake, tunasifu, “Zimeumuka vizuri leo, Nila,” halafu tunakumbuka kwamba tumeshakula. Jumatatu ile mama mmoja alinunua nne kwa kuona haya, kisha akaonekana nyuma ya banda la samaki akiwatupia mbwa. Leonila alimwona. Mama yule naye alijua kwamba ameonwa, akajifanya anachagua kamba wabichi.

Kosa la keki zile lilikuwa moja tu, zilipikwa na mke wa Crisanto. Crisanto, dereva wa gari la mayai, mpole, mtu wa kukushikia mlango. Polisi walifukua wanawake wanne kwenye shamba la miwa lililoachwa, na yeye ndiye aliyekuwa amewafukia. Alipoulizwa alisema hakumbuki kitu. Mpaka Juni, mvua zilipoanza, alikuwa bado hakumbuki.

Mtu mmoja tu alikuwa ananunua keki na kuzila palepale. Basilia, mshonaji kutoka mji wa pili, alikuja kila Jumatatu, akanunua mbili, akala amesimama, akajifuta vidole kwenye leso, ndipo akatoa picha ya binti yake Rowena iliyofungwa kwenye nailoni. Rowena alikuwa na miaka kumi na tisa alipotoka nyumbani na nguo za mteja, miaka miwili na nusu nyuma, asirudi. Hakuwa miongoni mwa wale wanne.

“Bado hajasema?” Basilia aliuliza.

“Bado, dada.”

“Muulize. Mwambie sitaki kugombana naye. Namtaka mwanangu tu, hata kama ni mifupa.”

“Dada Basilia, nimeshakwambia. Tarehe kumi na nne Novemba alikuwa nyumbani. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Jovelyn. Tulipika tambi, tukala wote.”

“Alikuwa nyumbani tangu saa ngapi?”

Leonila akapanga upya keki ambazo hazikuhitaji kupangwa. “Tangu jioni,” akasema.

Basilia alirudisha picha kifuani. “Keki zako nzuri,” akasema, na kwa sauti yake ungedhani anamtukana. Hakuwa anamtukana. Alikuwa hajala kitu kingine tangu asubuhi.

 

Nyumbani Leonila alimkuta mgeni. Daktari Herminia Dizon alikuwa ametumwa na mahakama kutoka Manila kupima akili za Crisanto, na siku hiyo alikuja kuongea na familia. Mwavuli wake ulikuwa unachuruzika mlangoni. Alikuwa na karatasi nyingi za maswali, na Bibi Pacing, mama mzazi wa Crisanto, alikuwa anayajibu kama mtu anayefukuza kuku.

“Utotoni alikuwa anakojoa kitandani?”

“Mtoto gani hakojoi? Wewe hukukojoa?”

“Aliwahi kutesa wanyama, bibi?”

“Kuku wa nyumba hii anachinjwa na huyo hapo.” Bibi Pacing alimwonyesha Leonila kwa kidevu. “Mwanangu akiona damu anatoka nje. Andika hilo. Na andika kwamba alianguka kutoka kwenye mpera akiwa na miaka tisa. Kichwa kilipasuka hapa. Andika hapa, nyuma ya sikio.”

Daktari aliandika. Wakili alikuwa ameshawaeleza jinsi mambo yalivyo. Daktari akiona kwamba Crisanto hakujua anachofanya, mahakama inaweza kumpeleka hospitali. Akiona kwamba alijua, ni gerezani mpaka kufa. Bibi Pacing hakuwa akijali sana tofauti ya kuta. Alichotaka ni neno. Mgonjwa anatembelewa, anaombewa kanisani, binti yake anaolewa. Muuaji je?

“Dada Leonila,” daktari akasema, “siku ambazo polisi wanazitaja, mumeo alirudi nyumbani akiwa katika hali gani?”

“Alirudi kama—”

Bibi Pacing alimfinya paja chini ya meza.

“Sikumbuki vizuri,” Leonila akamaliza.

Daktari aliliona finyo lile, akageuza karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, ameshaketi kwenye meza nyingi za namna hiyo. “Nitarudi Alhamisi. Fikirini polepole.”

“Daktari, mimi niulize,” Leonila akasema. “Watu kama hao huwa na nini ndani?”

“Hawafanani. Wengine hawasikii chochote, si huruma wala hofu. Wachache sana ni wagonjwa kweli, akili inakatika na wakizinduka hawajui walikuwa wapi.”

“Basi hao ndio wawili.”

“Kuna wa tatu. Anajua anachofanya, anaogopa kama wewe na mimi tunavyoogopa, halafu anakwenda. Huyo nimemsoma miaka ishirini na sijamwelewa.”

Alipoondoka, Bibi Pacing alimgeukia mkwewe. “Alhamisi utasema alikuwa anarudi ametoa macho. Unamwita haitiki. Unampa chakula hajui ni chakula. Umenisikia?”

“Nitasemaje kitu ambacho sikukiona, mama?”

“Ulikuwa unaona nini, basi? Umelala naye miaka kumi na tano, uliona nini?”

 Hilo ndilo swali lililokuwa linamnyima Leonila usingizi, na alikuwa bado hajalijibu hata kwa padri.

Jovelyn, binti yao wa miaka kumi na tatu, alikuwa anasikiliza kutoka kwenye ngazi. “Mama, sema tu anaumwa,” akasema. “Shuleni wamehamisha dawati langu. Mwalimu anasema ni kwa sababu ya mwanga.”

“Nitasema,” Leonila akajibu. Na siku ile alikuwa amekusudia kusema.

 

Jumanne alikwenda matangani kwa Mzee Dominador. Asingeweza kukosa, mzee ndiye aliyewasimamia ndoa. Alifika alasiri, akapewa kahawa kwenye kikombe cha karatasi wakati wengine wamepewa vya udongo, akasali, akatazama uso wa mzee chini ya kioo cha jeneza. Kwenye meza za karata watu walicheka kama kawaida ya matanga yetu, ila kicheko kilishuka kila alipopita.

Wanawake wanane waliondoka pamoja. Njia ilikuwa moja na Leonila akafuata nyuma. Hakuna kwetu anayetoka matangani akaenda kwake moja kwa moja, amfungulie marehemu mlango. Unapitia mahali kwanza, unajikung'uta. Unakunywa soda, unanunua hata kiberiti, unaongea upuuzi kidogo, na marehemu aliyekufuata anachoka kusubiri au anasahau njia. Ndipo unakwenda kwa watoto wako.

Wanane wale waliingia kwenye duka la Chayong. Leonila alipofika barazani, Chayong alikuwa anateremsha dirisha la mbao.

“Tumefunga, Nila.”

“Wenzangu wako ndani, Chayong. Soda moja tu.”

“Tumefunga kwa ajili ya hesabu,” Chayong akasema, na nyuma yake mtu akacheka kwa jambo jingine.

Duka la pili lilikuwa la binamu yake Chayong. Leonila hakujisumbua. Alitembea kwenye matope hadi njia panda ya Kalumpang, karibu nusu saa, kwenye duka la mikate ambako wateja ni wasafiri na muuzaji hamjui mtu. Akanunua hopia, vile vikeki vya choroko, kwenye boksi jekundu. Akasimama kidogo chini ya paa lao, akajikung'uta mabega, akarudi.

Jovelyn alimsikia kibarazani akivua viatu. “Mama, umepitia wapi?” akauliza kutoka ndani, swali ambalo kila nyumba huliuliza.

“Njia panda,” akasema Leonila, kisha akalitazama boksi lililokuwa mkononi.

Maana alikuwa amesimama pale Crisanto alipokuwa akisimama. Kwenye ubao uleule, na boksi jekundu lilelile mkononi. “Nimepitia njia panda,” Crisanto alikuwa akisema, kabla hata ya kuulizwa. Njia panda haikuwa kwenye njia yake. Gari la mayai liliingia mjini kutokea kusini, ilibidi alipite geti la nyumba yake, aende mpaka Kalumpang, kisha arudi. Leonila aliliona hilo tangu mwanzo na alilifurahia. Alidhani ni mapenzi. Aliwasimulia wanawake sokoni kwamba mume wake anaendesha kilomita za ziada kwa ajili ya hopia za mkewe, na wanawake wakamwonea wivu.

Mara moja alimtania. “Umepitia njia panda? Nani kafa?”

Crisanto alicheka. “Mayai tu, mke wangu.”

Leonila aliketi chini pale pale, kwenye maji ya mvua. Woga uliomshika haukuwa wa mizimu. Alikuwa ameelewa.

 

Kwetu hatutupi boksi zuri. Moja lilikuwa na vifungo, jingine nyuzi, jingine vyeti vya ubatizo. Leonila aliyakusanya kitandani yote aliyoleta Crisanto, sita, akayapindua. Chini ya kila boksi duka la mikate lilikuwa limegonga muhuri wa siku ya kuoka, kwa wino wa zambarau. Bibi Pacing alikuwa ametunza karatasi za wakili ndani ya kitabu cha sala. Leonila alizichukua, akaweka tarehe ambazo polisi walisema wanawake wale walipotea kando ya tarehe za mikate.

Nne zilifanana, siku kwa siku.

Mbili zilibaki peke yake. Tarehe tisa Februari. Tarehe mbili Juni ya mwaka uliotangulia. Alitafuta la Novemba kumi na nne, akatafuta tena chini ya kitanda na nyuma ya mashine ya kushonea. Halikuwepo, na alishukuru. Ndiyo, alishukuru, na baadaye aliona aibu kwa shukrani ile.

Bibi Pacing alisimama mlangoni. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa mzee kuliko sisi wote katika mambo ya kujikung'uta. Uso wake ulinyauka taratibu.

“Yachome,” akasema.

“Mama, wapo wawili hawajulikani. Wana mama zao.”

“Na mimi si mama? Yachome, Nila. Akijikung'uta ina maana alijua. Hata yule daktari wa Manila atajua hilo, naye ni mtu wa mila hizihizi. Watamwita nini? Na huyu mtoto watamwita nini?”

“Tulikula, mama,” Leonila akasema. “Unakumbuka? Wewe ulikuwa unalowanisha yako kwenye kahawa.”

Bibi Pacing alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

 

Jumatano Leonila alikwenda gerezani na wali na samaki wa kukaanga. Crisanto alikuwa amenyolewa vizuri. Aliuliza habari za paa linalovuja, akamwambia fundi gani amwite. Leonila alimwangalia akichambua miiba kwa uangalifu uleule wa siku zote, akiweka kando ya sahani.

“Santo, kwa nini njia panda?”

Vidole vyake vilisimama.

“Hopia,” akasema. “Ulikuwa unazipenda.”

“Kwa nini njia panda?”

Aliuweka mwiba kando ya sahani. Alipoinua macho, hayakuwa macho ya mtu asiyekumbuka.

“Unajua kwa nini. Nyumbani kuna mtoto.” Aliinama karibu na wavu, akashusha sauti. “Nimewahi kuwaletea kitu kibaya, Nila? Sema kimoja. Jovelyn aliwahi kuweweseka? Mama aliwahi kusikia mtu anatembea? Sikumwingiza hata mmoja. Hata nilipokuwa nimechoka, hata mvua ikinyesha, nilipitia.”

Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayesifiwa kwa kufuta viatu kabla ya kuingia. Alikuwa anangoja ashukuriwe.

“Rowena wa Basilia yuko wapi?”

“Siku ile ilikuwa ya Jovelyn. Nilikuwa nyumbani, tulikula tambi.” Akarudi kwenye samaki wake. “Hayo maboksi yapo bado?”

“Yapo.”

“Si mazuri kuyaweka. Yanavuta sisimizi.”

 

Alhamisi daktari alifika mapema. Bibi Pacing alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na alikuwa amepanga maneno. Mwanangu alikuwa anarudi ametoa macho, akaanza, unamwita haitiki, na daktari akawa anaandika. Leonila aliketi na mfuko wa nguo miguuni. Ndani ya mfuko mlikuwa na maboksi sita, na mpaka dakika ile hakuwa anajua kama atayatoa. Alikuwa anafikiria lile dawati lililohamishwa.

“Na wewe, dada Leonila? Uliona hivyo?”

“Daktari…”

“Aliona,” Bibi Pacing akadakia. “Anaona haya kusema. Nila, sema.”

Jovelyn alishuka ngazi. Alikuwa ameshika boksi jekundu kwa mikono miwili, limechakaa pembeni, limebandikwa nyota za karatasi ya kung'aa. Ndilo alilokuwa akiwekea vibanio vya nywele. Aliyasikia yote ya Jumanne, nyumba ile kuta zake ni za mbao nyembamba.

“Hili alinipa mimi,” akasema. “Siku ya kuzaliwa kwangu. Nilipotimiza miaka kumi na moja. Alisema nisiwape wengine, zote zangu.” Aliliweka mezani, akaligeuza. Wino wa zambarau ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. Kumi na nne Novemba.

“Nilizila zote, mama,” akasema, na hapo tu ndipo akaanza kulia.

Leonila alimkumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alifungua mfuko, akapanga maboksi mengine sita kando ya lile la nyota.

“Nitakuambia alirudi katika hali gani,” akamwambia daktari. “Alirudi amepitia mahali kwanza. Kila mara.”

Daktari Herminia alizaliwa mkoani, Nueva Ecija, alishazika wazazi wote wawili, na alishakunywa soda nyingi barabarani akitoka matangani. Kalamu yake ilikaa juu ya karatasi bila kugusa. Kisha akakata mstari juu ya yale aliyokwisha kuandika. Bibi Pacing aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo safi.

 

Polisi walimwekea Crisanto maboksi saba mezani, na siku ya tatu akakumbuka. Rowena alikuwa nyuma ya nyumba ya pampu ya zamani, kwenye mashamba ya mpunga. Wale wawili wengine hawakuwa mbali.

Basilia alimzika bintiye Agosti. Leonila na Jovelyn walifika kwenye matanga siku moja kabla ya maziko, saa tisa alasiri, wakasimama nje ya geti.  Basilia alitoka, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na akamtazama zaidi mtoto.

“Wewe ndiye wa tarehe kumi na nne?”

“Ndiyo, mama.”

Basilia alitikisa kichwa polepole. Hakuwakaribisha kahawa. “Ingieni mumwone,” akasema. “Msikae.”

Waliingia, wakasali mbele ya jeneza lililofungwa, na mbele ya ile picha, sasa imetolewa kwenye nailoni, wakatoka. Tangu wiki ile Basilia hajanunua tena keki. Sisi wengine tumeanza kununua kidogo kidogo, na tunazila, na hilo Leonila hajatushukuru.

Kurudi kwao, Chayong alikuwa amesimama barazani kwake. Alikuwa amesikia habari za maboksi, kama sote. “Nila! Piteni hapa,” akaita. “Njooni, soda baridi ipo. Msiende hivyo hivyo.”

“Asante, Chayong,” Leonila akajibu, na hakupunguza mwendo.

“Nila! Mmetoka matangani!”

Walipita duka la Chayong, wakapita la binamu yake, wakapita kituo cha mafuta ambako watu wananunua bazoka ya kutafuna kwa ajili hiyo tu. Hawakuangalia nyuma. Jovelyn alikuwa amemshika mama yake mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa na miaka minane.

Bibi Pacing aliwasikia kibarazani. “Mmepitia wapi?” akauliza kutoka ndani.

“Hatukupitia popote, mama.”

Kijiko kilianguka jikoni. Leonila alifungua mlango wote, akauacha wazi, akasimama pembeni yake kama unavyompisha mgeni mwenye mzigo. Alingoja muda wa mtu mmoja kupita. Kisha akaingia, wakaketi kula, na Jovelyn, bila kuambiwa, akasogea mwisho wa benchi akaacha nafasi.